Sigara ya kwanza hutoka mkononi mwa mtu mzima

Aliyewahi kukaa Dar es Salaam anaijua sauti hii. Kijana anapita mtaani jioni, mkono mmoja umeshika boksi lililo wazi, mwingine unachezesha sarafu: cha, cha, cha. Haiti wateja wala hataji anachouza, maana sarafu zimeshamtangaza. Ndani ya boksi mna karanga zilizofungwa vikaratasini, kashata, pipi za kifua, bigijii, tishu, na katikati yake pakiti tatu nne za sigara zilizokwisha kufunguliwa. Kibiriti cha gesi kinaning'inia kwa kamba. Ukitaka pakiti nzima atakupa. Ukitaka moja, anachomoa moja. Na mtoto wa kidato cha pili akinyoosha kidole kimoja, naye anachomolewa moja.

Nimefundisha sekondari miaka 11, na mingi kati ya hiyo nilikaa kwenye kamati ya nidhamu. Nimeyasikia maelezo ya kila aina kuhusu kwa nini vijana wetu wanaanza kuvuta sigara. Ninayoyaamini leo yanaanzia kwenye boksi lile, na kila mwaka unaopita nazidi kuyaamini.

Kwenye vikao na wazazi jibu ni neno moja: makundi. "Makundi, mwalimu. Mtoto wangu nyumbani hana tabia hiyo." Nakumbuka siku moja tulikuwa na wavulana watano waliokamatwa nyuma ya vyoo, na wazazi wao wote walifika. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema mtoto wao ameharibiwa na wale wanne wengine. Nilipiga hesabu kimyakimya. Watoto watano, wote wameharibiwa, na hakuna hata mmoja aliyeharibu. Hesabu hiyo haifungi, lakini kikao kiliikubali, wazazi wakaondoka wameridhika, na watoto wakaenda kuchapwa.

Sisemi rika halina nguvu. Nimewaona vijana wapole wakivuta kwa sababu tu mkono wa rafiki ulikuwa umenyooshwa mbele yao, na kukataa kungeonekana ni kumtukana. Katika umri wa miaka 14 kubaki peke yako ni adhabu kubwa kuliko viboko. Ila kundi halilimi tumbaku wala halisokoti sigara, na duka halina. Kile kinachopokezwa nyuma ya vyoo kimenunuliwa mahali, dakika chache kabla, kwa mtu aliyemwona mnunuzi usoni. Tukisema "makundi" tukaishia hapo, tunakuwa tumewataja watoto watano na kuwasahau watu wazima wote waliosimama kati ya kiwanda na kile choo.

Na mimi nimo kwenye historia hiyo. Nilikulia Morogoro, nyumba moja na baba mdogo aliyekuwa akivuta. Alikuwa mtu mpole sana, aliyetupenda. Kwetu kutumwa kulikuwa na madaraja: wadogo walitumwa chumvi na kibiriti, wakubwa kidogo walitumwa mafuta ya taa, na ukishaaminiwa kabisa ulitumwa sigara. Nilipofikisha miaka tisa nikapandishwa daraja. "Nenda dukani kaniletee moja, uiwashe kabisa hapo jikoni." Sigara haiwaki kwa kuigusisha kwenye kaa la moto, lazima uivute. Basi nilichuchumaa mbele ya jiko la mkaa, nikaivuta, nikakohoa, machozi yakanitoka, nikampelekea ikiwa inafuka. Hakuna aliyeona ajabu. Mama alikuwa pale pale akichambua mchele.

Huo ndio mvuto wangu wa kwanza. Haukutoka kwa rafiki mbaya. Ulitoka kwa mzee niliyemheshimu, na nilijiona nimekua. Tulikuwa tukipokezana kazi hiyo na kaka yangu. Mimi sikuendelea. Yeye alipofika kidato cha pili alikuwa anajinunulia mwenyewe, na ninapoandika haya, ana watoto watatu na bado hajaweza kuacha. Amejaribu. Najua mara ngapi amejaribu.

Jambo ambalo watu wazima huwa wamelisahau ni kwamba sigara ya kwanza ni mbaya. Inachoma koo, kichwa kinazunguka, wengine wanatapika. Hakuna mtoto anayeanza kwa sababu ya utamu, maana utamu haupo. Kwa hiyo ukimuuliza kijana "unapata raha gani?" umemuuliza swali la mtu aliyekwisha kuvuta kwa miaka 20. Yule aliyeko mwanzoni ananunua kitu kingine kabisa. Ananunua ukubwa. Anamwona dereva, fundi, kaka wa mtaani, mjomba aliyetoka mjini, na anaona kitu kimoja ambacho wao wanacho na yeye hana ruhusa nacho. Gari hawezi kulinunua, mshahara hana, ndevu hazijaota. Sigara anaiweza kwa sarafu moja au mbili.

Halafu nikotini inachukua nafasi. Ikivutwa na moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na huko huamsha dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kujifunza kwamba jambo fulani lirudiwe. Ubongo wa kijana bado unajengwa hadi baada ya miaka 20, na sehemu ya mbele, ile inayopima na kuzuia, ndiyo inayochelewa kuliko zote. Kwa hiyo mtoto anayejiambia "nitavuta kidogo tu, nitaacha nikitaka" anaitegemea sehemu ya kichwa ambayo haijakamilika. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London waliunganisha tafiti zilizohusu watu zaidi ya 215,000 wakakuta kwamba kati ya waliowahi kujaribu hata sigara moja, karibu 69 katika kila 100 walifikia kuvuta kila siku, angalau kwa kipindi fulani cha maisha yao. Nchini Marekani, ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa karibu wavutaji 9 kati ya 10 wa kila siku walionja sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18.

Takwimu hiyo ya mwisho naomba isomwe kwa jicho la mfanyabiashara. Kama karibu kila mteja wako alianza akiwa mtoto, na kama biashara yako inaua hadi nusu ya wanaoitumia kwa muda mrefu, basi wateja wapya utawatoa wapi? Kampuni za tumbaku zilijiuliza swali hilo zamani, na zilijijibu kwa maandishi. Baada ya kesi kubwa za Marekani miaka ya 1990 na makubaliano ya mwaka 1998 na majimbo 46, mamilioni ya kurasa za nyaraka zao za ndani yaliwekwa wazi. Humo imo ripoti ya Philip Morris ya mwaka 1981 inayoeleza kwamba kijana wa leo anaweza kuwa mteja wa kudumu wa kesho, na kwamba wavutaji wengi huanza wakiwa bado vijana. Imo pia ya R.J. Reynolds ya mwaka 1984 inayowaita wavutaji vijana chanzo pekee cha kuziba nafasi ya wale wanaoondoka. Wanaoondoka maana yake ni wanaoacha na wanaokufa. Mimi nilipozisoma nilihisi nimesoma ripoti za watu waliowachunguza wanafunzi wangu kwa umakini kuliko nilivyowahi kuwachunguza mimi.

Nilijifunza jambo jingine huko ambalo lilinibadilisha kama mwalimu. Mwaka 1998 Philip Morris ilizindua kampeni yake yenyewe ya kuwaambia vijana wafikiri na wasivute. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba vijana walioiona kampeni hiyo walikuwa tayari zaidi kufikiria kuvuta kuliko ambao hawakuiona. Wakati huohuo kulikuwa na kampeni nyingine ambayo haikumhubiria kijana hata kidogo. Ilimwonyesha namna kampuni zilivyokuwa zikimwinda. Mwaka 2000 waendeshaji wake walirundika mifuko 1,200 ya kubebea maiti nje ya ofisi za kampuni ya sigara jijini New York, idadi ya Wamarekani waliokuwa wakiuawa na tumbaku kwa siku moja. Kampeni hii ndiyo iliyowageuza vijana dhidi ya sigara.

Kwa nini mahubiri yalishindwa? Mtoto akiambiwa "hii ni ya watu wazima tu" ameshapewa tangazo la biashara. Umemthibitishia kile alichokuwa anakihisi, kwamba sigara ni mlango wa ukubwani. Tumekuwa tukimwambia hivyo kwa miaka mingi, kwa viboko, tukidhani tunamkataza. Ukimwambia kwamba kuna watu wenye suti wamekaa mezani wakamhesabu yeye, umri wake na hela yake ya maandazi, anakasirika. Nimeliona hilo darasani kwa macho yangu. Wale niliokuwa nawaonyesha picha za mapafu meusi walikuwa wananiangalia kwa upole tu, kwa sababu ugonjwa wa miaka 50 haumhusu mtu wa miaka 15. Siku niliyowasomea ripoti ile ya mwaka 1981 kulikuwa na kimya, kisha mmoja aliyekaa nyuma, ambaye nilijua anavuta, akauliza, "Kwa hiyo wanatujua?"

Lakini hata somo zuri linatoka nje ya geti saa tisa na nusu, na nje ya geti kuna boksi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwenye sigara moja. Mwanafunzi wa Dar es Salaam analipa shilingi 200 kupanda daladala. Akiamua kutembea safari moja kwa mguu amebakiza hela ambayo, kwa sigara za bei ya chini, inatosha kupata moja na wakati mwingine na pipi ya kuondoa harufu. Pakiti ya sigara 20 hawezi kuinunua, na kama angeiweza asingekuwa na mahali pa kuificha. Sigara moja haihitaji mfuko. Inavutwa ikaisha, mdomo unasafishwa kwa ganda la chungwa au majani ya mwembe, na mtoto anafika nyumbani ananukia bigijii. Boksi lile lile limemuuzia sigara na kifichio chake.

Sigara moja pia haina onyo. Maandishi yote tunayobishania, ukubwa wa herufi, picha za magonjwa ambazo Kenya iliziweka kwenye pakiti zake mwaka 2016, yamo kwenye pakiti, na pakiti iko mkononi mwa muuzaji. Anayenunua moja moja anaweza kuvuta mwaka mzima bila kulisoma onyo hata mara moja. Na kodi nayo inapotelea hapo. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi ya sigara katika nchi za kipato cha chini na cha kati hushuka kwa karibu asilimia 5, na vijana ndio wanaokimbia bei kuliko wote. Ila kodi ikipanda kidogo kwenye pakiti, sigara moja inabaki pale pale, maana bei yake inakwenda kwa sarafu na hakuna sarafu ya shilingi kumi na tatu. Muuzaji anasubiri mpaka ongezeko lifike sarafu nzima. Kwa kipindi chote hicho mtoto hajahisi kitu.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unalijua jambo hili. Kifungu cha 16 kinazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja na wa pakiti ndogo, kwa sababu ndizo zinazofika mikononi mwa watoto. Kifungu hichohicho kinagusa hata pipi zenye umbo la sigara. Wa rika langu watazikumbuka, nyeupe na ncha nyekundu, tukizishika kwa vidole viwili na kujifanya mabosi. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, hairuhusu kuuza pungufu ya sigara 10 kwa pamoja. Uganda mwaka 2015 ilikwenda mbele zaidi: ikakataza sigara moja moja na kupandisha umri wa kununua hadi miaka 21. Sisi sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Sheria za majirani nazo hazitekelezwi kila mahali. Pita vichochoro vya Nairobi utaona zikichomolewa moja moja kama kwetu. Hata hivyo sheria inayosema "usiuze moja" inamkamata muuzaji kwa macho tu, papo hapo. Inayosema "usimuuzie mtoto" inahitaji mtu wa kuthibitisha umri wa mteja aliyekwisha kuondoka.

Sina ugomvi na mkulima wa tumbaku wa Urambo, Tabora, anayekesha kwenye bani, banda la kukaushia majani, akichochea moto. Sehemu kubwa sana ya tumbaku yake inasafirishwa nje, na kupiga marufuku sigara moja moja mtaani kwetu hakumpunguzii kitu. Nimesema hili kwa sababu kila mjadala huu ukianza, mtu anainuka na kumtanguliza mkulima mbele kama ngao.

Kuna na shisha, ambayo Tanzania, Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku, na ambayo bado inapatikana kwa anayejua mlango wa kugonga. Ladha ya tufaha na mnanaa imewafanya vijana, wasichana hasa, waamini kwamba wanavuta mvuke wa matunda, wakati kikao cha saa moja kinaweza kuingiza moshi mara 100 au zaidi ya ule wa sigara moja. Na kuna vifuko vya nikotini, vya kuweka chini ya mdomo, vilivyoingia Kenya mwaka 2019 kwa jina la Lyft na baadaye vikaitwa Velo. Havitoi moshi, havina harufu ya tumbaku, na mwanafunzi anaweza kukaa navyo mdomoni mbele ya mwalimu kipindi kizima. Ningekuwa bado darasani hivyo ndivyo vingeninyima usingizi. Njia ya kumfikia mtoto ni ile ile: kitu kidogo, bei ndogo, ladha ya pipi.

Nirudi kwa wale watano. Mmoja wao, mwenye miaka 15, tulimsimamisha masomo kwa wiki mbili. Nilisaini. Tuliamini tunawalinda wenzake. Aliporudi alikuwa anavuta zaidi, na nilipomweka chini nikamuuliza bila fimbo aliniambia kila kitu. Mama yake alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchukua samaki Feri. Nyumbani hapakuwa na mtu. Alishinda kwenye meza ya pool, na pale yeye ndiye alikuwa mdogo kuliko wote. "Walikuwa wananituma sigara, mwalimu. Nikirudi wananiachia moja."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Ni mimi yule, mbele ya jiko, na tofauti yake tu ni kwamba yeye alilipwa. Shule ilimtoa mahali ambapo alikuwa anaivuta kwa kujificha mara moja kwa siku, ikampeleka mahali ambapo anapewa kwa heshima. Kama ningerudishiwa kalamu ile leo ningemwacha darasani, ningemtafutia timu ya mpira ya jioni, na ningekwenda kuongea na wenye meza ile. Iceland ilifanya mambo ya aina hiyo kwa nchi nzima: ilitia fedha kwenye michezo na muziki wa baada ya shule, ikawarudisha wazazi jioni na watoto wao, na kati ya mwaka 1998 na 2016 idadi ya vijana wa miaka 15 na 16 wanaovuta kila siku ikashuka kutoka asilimia 23 hadi 3. Iceland ni nchi ndogo na tajiri, najua. Uwanja wa vumbi, mpira na mtu mzima mmoja wa kuaminika kuanzia saa kumi jioni tunaviweza hata Mbagala.

Wiki iliyopita nilisimama kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, ninayemheshimu na anayenikopesha unga mwisho wa mwezi. Nilimuuliza kwa nini asiuze pakiti nzima tu.

"Mwalimu, pakiti nikiitoa nzima faida yake hainunui hata mkaa. Moja moja ndiyo inanipa kitu. Na wateja wangu wenyewe hela ya pakiti wanaitoa wapi?"

"Na watoto?"

"Akija na sare simuuzii."

"Akivua shati?"

Alisogeza kopo la pipi, akalipanga vizuri karibu na pakiti zilizofunguliwa. Ana kijana wa kidato cha tatu, namfahamu, nilimfundisha dada yake.

"Wangu hapa hanunui," alisema. "Hathubutu."

"Najua, Mangi. Hapa hawezi."

Alinitazama, kisha akatazama upande wa pili wa barabara, kwenye kibanda cha mwenzake, ambako kibiriti cha gesi kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba yake. Alikaa anakitazama kile kibiriti mpaka mteja akafika, mtu mzima, akaomba mbili.